Nani Alishona Sare za Beni?

Mtu akinunua koti katika Second Life, ulimwengu wa kwenye kompyuta uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwezi Juni 2003, anaweza kulibonyeza na kusoma maelezo yake. Humo ataona jina la aliyeliunda, jina la anayelimiliki sasa, na ruhusa zake: kama laweza kunakiliwa, kubadilishwa au kupewa mtu mwingine. Koti likihama kutoka kwa mtu wa Brazil kwenda kwa mtu wa Japani, mmiliki hubadilika. Jina la fundi hubaki pale pale. Mimi nimeshona kwa sindano na nimeshona kwa kipanya, na kwa maoni yangu mstari ule mmoja wa maandishi ndio jambo jipya kabisa katika kazi hii. Mabawa, mataji, magwanda ya wafalme wasiokuwepo, mwili usio wako uliovishwa ukapendeza: hayo watu wa huku waliyafanya zamani, tena hadharani, mchana kweupe.

Naishi Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, katika komini ya Ntahangwa. Mitaa yetu mingi imepewa majina ya mikoa: Gitega, Ngozi, Muyinga, Ruyigi, Bubanza, Muramvya. Mtu anatoka Ngozi, ananunua uzi Gitega, na chai aliyoiacha mezani anaikuta bado ya moto. Serikali ilipoipunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5 mwaka 2025, tulicheka: mkoa wa Ruyigi umekwisha, Ruyigi ya Kinama ipo.

Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, kwenye cherehani ya Butterfly ya kukanyaga kwa miguu. Ukutani kwake palikuwa na yale mabango ya mitindo ya vitenge ambayo kila fundi wa mji huu anayo, wanawake wamepangwa safu kwa safu kwenye karatasi moja, kila mmoja na mabega yake, mikono yake, mkia wake wa samaki. Mteja huja na kitambaa kwenye mfuko, anaweka kidole: "Hii, fundi, ila mabega yasimame zaidi." Sikuwahi kumsikia hata mmoja akiuliza mtindo ule ulibuniwa na nani. Na shangazi mwenyewe, ambaye magauni yake yalikwenda harusini mpaka Uvira, hakuwahi kuweka lebo yenye jina lake shingoni mwa nguo. Aliona ni majivuno.

Kompyuta iliniingia baadaye, kupitia rafiki aliyekuwa na akaunti ya Second Life na hakuwa na cha kumvisha avata wake, ule mwili wa mtu kwenye skrini. Watu hudhani kazi ile ni ya wachoraji. Ni ya washonaji. Katika miaka ya mwanzo avata alifunikwa kwa picha bapa tatu: moja ya kichwa, moja ya kiwiliwili cha juu, moja ya kiuno kwenda chini. Nguo ulichora juu ya ramani ya mwili uliofunuliwa, kama ganda la chungwa lililolazwa mezani, katika mraba wa pikseli 512 kwa 512, na kuipakia kuligharimu dola 10 za Linden, ambazo ni senti chache za Marekani. Ugumu ulikuwa ule ule wa kitenge. Ua lililokatwa ubavuni lazima likutane na nusu yake upande wa pili. Mstari wa shati lazima uendelee kwenye suruali, ingawa shati na suruali viko kwenye picha mbili tofauti na nyonga inavuta picha ikanyooka. Mchoraji hodari asiyewahi kukata nguo hukwama hapo. Fundi wa kitenge hakwami, kwa sababu amekwisha kugombana na wateja wa kutosha juu ya maua yaliyokatika.

Mwaka 2011 yakaja maumbo ya nyavu: nguo inajengwa nje, katika programu kama Blender, ambayo hailipiwi, kisha inafungwa kwenye mifupa ya avata. Sasa lazima uiambie kila nukta ya kitambaa ifuate mfupa upi na kwa kiasi gani. Kwapani ndipo pa kumjulia fundi. Avata akiinua mkono, nguo ya mtu asiyejua hutoboka au humeza bega. Shangazi angetatua jambo hilo kwa kipande kidogo cha kitambaa cha pembe nne, kilichowekwa chini ya mkono, na kwenye skrini dawa ni hiyo hiyo.

Sasa turudi nyuma, kwa wale waliovisha miili ya kuazima kabla yetu.

Kabla kitambaa cha dukani hakijafika kwa wingi, Warundi walivaa ngozi na impuzu, gome la mti wa jamii ya mtini lililopondwa likalainika. Na katika ibada ya kubandwa, yaani kupandwa na pepo, mtu aliweza kuacha kuwa yeye. Alikuwa Kiranga, mkuu wa pepo hao, au mmoja wa wale wanaofuatana na Kiranga; alishika mkuki, akasema kwa ukali ambao jirani yake hakuujua, na waliokuwepo wakamwitikia Kiranga, si mwana wa fulani. Wamisionari, walioanzisha misheni ya Mugera mwaka 1899, waliipiga vita ibada hiyo kwa miaka mingi. Sina haja ya kuitetea wala kuilaani hapa. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na mtu aliyeandaa lile gome na aliyetengeneza ule mkuki, akijua kwamba havitavaliwa na mtu wa kawaida katika siku ya kawaida. Unguja nako, wenye pepo wa kibuki huwawekea pepo hao mavazi yao mbali na nguo za nyumbani, kwa kuwa pepo mfalme havai kanga ya jikoni.

Pwani, nguo ya kuwa mtu mwingine ilikuwa na uzito mwingine pia. Mtumwa Unguja alijulikana kwa kitambaa: merikani iliyopauka, au kaniki iliyotiwa nili; kofia na viatu mbele ya bwana havikuwa haki yake. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walikimbilia dukani. Kanzu, kofia, viatu, kanga, baadaye buibui. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kirefu jinsi watu hao walivyojijenga upya kuwa Wazanzibari kwa mavazi. Mimi nikisoma habari hizo namfikiria fundi aliyeletewa kitambaa na mwanamume ambaye hakuwahi kupimwa mabega maishani mwake.

Lakini babu halisi wa kazi ya avata ni Beni.

Beni, ngoma ya gwaride, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na mashina yake ni bendi za wazungu: tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride. Ilisambaa kwenda Tanga, Dar es Salaam na bara. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makapteni wake, madaktari wake, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Tanganyika vyama viwili vilisimama vikitazamana kwa chuki tamu: Marini, waliojihesabu watu wa juu, wenyeji wa mji, makarani na watoto wa wenye majina, na Arinoti, kimbilio la wageni kutoka bara na wenye kazi nzito. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, na hawa Scotchi walivaa sketi za mikunjo za askari wa Uskochi, katika joto la Mombasa, bila kuona haya.

Fikiria kazi hiyo. Leo mteja wangu wa Second Life akitaka sketi ya Kiskochi, nina maelfu ya picha za kutazama, mbele, nyuma, hata upande wa ndani. Fundi wa Scotchi alikuwa na nini? Alimwona askari akipita. Labda alipata gazeti. Akaenda kwa muuza vitambaa wa Kihindi akatafuta chenye miraba iliyo karibu na ile aliyoiona, akakunja, akahesabu mikunjo kichwani, akashona kwa kukadiria. Akiwa hana kitambaa cha Kiskochi alitumia kilichopo. Kisha mwanamume aliyekuwa hamali bandarini akaivaa, akapiga gwaride mbele ya mji mzima, na kwa alasiri hiyo akawa ofisa. Kesho yake alirudi kubeba magunia, lakini cheo chake ndani ya Beni kilibaki, na watu wa chama walimwita kwacho, walimzika kwa heshima yake.

Vita vya 1914 hadi 1918 vikaibeba Beni mbali. Askari na wapagazi, wa upande wa Wajerumani na wa upande wa Waingereza, waliicheza kambini na kurudi nayo kwao. Vita vyenyewe vilipita hata kwetu: Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, iliangukia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Juni 1916, na Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo. Ngoma za gwaride zilifika Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. Nyasaland zilizaa malipenga, ambamo penye tarumbeta ya shaba waliweka kibuyu chenye utando, kikavuma vizuri kabisa. Serikali za kikoloni zilipata wasiwasi: watu hawa wenye majenerali na barua za mji hadi mji, hawapangi kitu? Wengine walilalamika kuhusu gharama, kwamba vijana wanamaliza mishahara kwa sare na karamu. Malalamiko hayo ya pili ninayasikia hadi leo, kutoka kwa wazazi wa vijana wanaonunua mavazi ya michezo ya kompyuta.

Mwaka 1956 mtafiti J. Clyde Mitchell alichapisha kijitabu kuhusu kalela, ngoma ya wafanyakazi wa mji wa migodi wa Luanshya, na hapo mavazi yameelezwa vizuri kuliko mahali pengi. Wachezaji walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi, fulana safi, viatu vilivyong'arishwa. Mmoja alikuwa "daktari", na joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani. Mwanamke mmoja tu alikuwemo, "nesi", mwenye mavazi meupe, akizunguka na kioo na leso ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Hicho kioo kinanipendeza kuliko vyote. Katika ulimwengu wa kompyuta watu hupoteza nusu saa wakizungusha kamera kujitazama mgongo, na mtu anayeona ni upuuzi mpya aende akamsome nesi wa kalela.

Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Beni mwaka 1975, alikusanya majina ya vyama, ya viongozi, ya wapinzani. Ni kitabu ninachokiheshimu. Ila nimekipitia nikitafuta mafundi, na mafundi ndio hawaonekani. Tunajua nani alikuwa mfalme. Hatujui nani alimpima kiuno.

Sidhani ni bahati mbaya. Katika nchi zetu jina linaloandikwa kwenye kitambaa ni la mwenye mali. Tazama kanga za Mombasa zenye maandishi "Mali ya Abdulla", nembo ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887: jina la mfanyabiashara limevaliwa na wanawake kizazi baada ya kizazi, na aliyechora lile ua la korosho hajulikani. Tazama kitenge cha Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846. Jina lake limechapwa kwenye pindo, na hapa Bujumbura kuna wateja wanaokuonya usilikate pindo hilo, liache lionekane, watu wajue. Msapeur wa Kinshasa, yule mpenda mavazi ya kifahari, anaweza kukutajia aliyebuni koti lake na kiwanda cha viatu vyake vya Weston, na mwanamuziki Papa Wemba aliufanya uhodari huo ujulikane dunia nzima kabla hajafariki mwaka 2016. Ni majina ya Paris na Tokyo. Fundi wa Matonge, mtaa wa hapo hapo Kinshasa, aliyeipunguza suruali yake ikakaa vizuri hatajwi.

Na sisi Warundi tuna mavazi ya kuigiza ambayo tumeyazoea hata tunadhani ni ya tangu na tangu. Watazame wapiga ngoma wetu, ambao sanaa yao iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014: nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera. Bendera yenyewe ni ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Kwa hiyo mahali fulani, baada ya hapo au karibu na hapo, kuna mtu aliyekaa na kitambaa cha rangi tatu akaamua mpiga ngoma wa mwami, yaani mfalme, avaeje katika nchi mpya. Aliamua vizuri sana. Leo mtalii akisema Burundi, picha inayomjia ni ile. Ukimuuliza mtu Kinama ni nani aliyebuni, atakujibu: mababu.

Kitambaa cha nyumbani nacho kilikuwa na kiwanda chake, Cotebu, kilichojengwa kwa msaada wa China, hapa hapa upande wetu wa kaskazini mwa mji, hata kituo cha basi kinaitwa hivyo. Kilifungwa katikati ya miaka ya 2000, kikafufuliwa kwa jina la Afritextile. Kabla hakijafungwa kulikuwa na vita. Kinama iliona watu wakihama na kurudi, zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 2001 waasi wa FNL waliingia humu na wakazi wakakimbia. Fundi anayekimbia huchukua kichwa cha cherehani na kuacha meza. Ruwaza za karatasi huachwa, kwa kuwa nani atabeba karatasi mtoto yuko mgongoni? Kisha tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura likaungua, na safu nzima za mafundi na wauza vitenge zikaisha asubuhi moja. Nikiulizwa kwa nini hatuna hazina ya mitindo ya zamani, jibu langu huanzia hapo.

Kwingineko duniani, wengine walikuwa wamekwisha kuanza kushona bila kitambaa. Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ilijaribu ulimwengu ulioitwa Habitat, uliochezwa kwenye kompyuta ya Commodore 64 kupitia waya wa simu. Humo neno avata lilianza kutumika kwa mwili wa mtu kwenye skrini. Nguo zenyewe zilikuwa duni, rangi ya kupuliza tu, lakini vichwa viliuzwa kwenye mashine, na mwenye kichwa adimu alitembea kwa maringo. Second Life ilipokuja, uamuzi wake mkubwa ulitangazwa mwezi Novemba 2003: kilichoundwa na mkazi ni mali ya mkazi. Ndiyo maana mafundi walimiminika. Mwezi Novemba 2006 programu iliyoitwa CopyBot ilipoanza kunakili vitu vya watu bila ruhusa, wenye maduka walifunga milango kwa kupinga. Mafundi kugoma kwa sababu ya kuibiwa mtindo! Soma sentensi hiyo ukiwa umekaa chini ya bango la vitenge huku Kinama uone itakavyokuchekesha.

Sisemi Second Life ni peponi. Majina mengi ni ya bandia, malipo kutufikia sisi wa Burundi ni safari, umeme ukikatika wakati faili linapakiwa unaanza upya, na rafu za mavazi ya ndoto zimejaa mashujaa wa Ulaya ya kale na mabinti wa katuni za Kijapani. Ukitafuta mavazi ya Afrika unapewa ngozi ya chui na mkuki, vimechorwa na mtu asiyejua kwamba imvutano ya mwanamke wa Kirundi hufungwa begani na inavyoanguka ni sayansi. Nimeitengeneza imvutano ya avata, na bega lile lilinitesa kuliko mabawa yoyote.

Nimetengeneza pia koti la jenerali wa Beni. Nililifuata kwenye picha ya zamani: mabega yenye nyota, vifungo viwili viwili, ukosi uliosimama, nishani za bati. Nilipolipakia, mfumo ukaandika, kama kawaida yake, jina langu kwenye nafasi ya aliyeunda. Kisheria ni sawa. Lakini mkato ule wa kiuno si wangu. Kuna mtu, Tanga au Mombasa, aliyekaza kiuno cha koti la kijeshi zaidi ya Mwingereza alivyolikaza, ili mchezaji akigeuka upindo uruke. Ni uamuzi wa fundi anayejua nguo itacheza ngoma, haitapigana. Katika maelezo ya bidhaa nimeandika kwamba mkato ni wa fundi wa Beni asiyejulikana. Wanunuzi wengi hawasomi maelezo. Wachache wameniandikia kuuliza Beni ni nini, nami nikawajibu kwa kirefu kuliko walivyotaka.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaosoma hapa. Kama una picha ya babu au bibi akiwa na sare ya ngoma, ya bendi, ya kwaya, ya harusi, iwe Buyenzi, Ujiji, Lamu au Mombasa, na bado yupo mzee wa kuulizwa, usimuulize tu waliosimama pichani ni akina nani. Muulize nguo zilishonwa na nani, kisha uandike jina hilo nyuma ya picha kwa kalamu isiyofutika.